Kompyuta Mpya Inakwaruza Sauti: Pa Kuanzia Kutafuta

Mashine imeunganishwa Jumamosi mchana, imewaka, Windows imeingia, feni zinameremeta. Jioni mwenye nayo anaweka wimbo wa kwanza na spika zinaanza kupasuka kama bisi kikaangoni. Jumatatu asubuhi simu yangu inaita: "Fundi shikamoo, mazabodi niliyoletewa kutoka Kariakoo ni mbovu, naomba unisaidie niirudishe."

Simu za namna hiyo nimezipokea nyingi hapa Dodoma, kutoka Nkuhungu, Kisasa, Ilazo na hosteli za chuo, na mara nyingi mazabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa waya ambao haukushika, draiva (programu inayoongoza kifaa) ya kubahatisha, au umeme wa nyumba yenyewe. Naandika haya kwa sababu inaniuma kumwona kijana aliyedunduliza fedha miezi kadhaa akiuza mazabodi nzuri kwa bei ya kutupa, ananunua nyingine, na mkwaruzo unabaki palepale.

Sikiliza kabla ya kushika bisibisi

Weka faili la muziki lililomo ndani ya mashine. Usitumie la mtandaoni, maana bando likiyumba wimbo nao unakatika, utadhani ni spika. Chagua wimbo unaoujua vizuri ulivyo kwenye simu yako. Wapenzi wa ngoma za Kigogo niwaonye jambo moja: msijaribie kwa ilimba. Sanduku la ilimba lina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui makusudi ili mlio utoke na mvumo wa kukwaruza. Huo ndio uzuri wake, na hakuna draiva itakayouondoa.

Sasa jiulize. Mkwaruzo upo kwenye hedifoni na spika zote, au kwenye kimoja? Ukisimamisha wimbo, mlio unaendelea au unanyamaza? Unabadilika ukisogeza mausi au ukifungua gemu? Majibu hayo yatakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini. Kuna swali jingine lenye uzito kuliko yote: ukigusa chuma cha kesi, yaani sanduku la kompyuta, vidole vinawasha au unarushwa kidogo? Kama ndiyo, acha mengine yote, nenda kwanza kwenye sehemu ya mvumo.

Halafu ujiwekee sharti la kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha usikilize tena. Ukibadilisha waya, draiva na BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya mazabodi) kwa mkupuo, hata ukipona hutajua ulichokuwa unaumwa.

Mbele kunakwaruza, nyuma ni safi

Hili ndilo linalotokea zaidi na ndilo rahisi kuliko yote. Chomeka hedifoni kwenye tundu la kijani nyuma ya mashine. Kama mkwaruzo umekwisha, mazabodi yako ni salama, na shida iko kwenye njia ya kwenda mbele.

Tundu la mbele limeungwa kwa waya mrefu unaoshuka hadi pembe ya chini ya mazabodi, kwenye pini zilizoandikwa HD_AUDIO, F_AUDIO au AAFP, kutegemea kampuni. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kesi kwa kiganja kabla ya kuingiza mkono ndani. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na mwili unaokaa juu ya zulia unabeba umeme tuli wa kutosha kuua kipande bila wewe kusikia chochote.

Sukuma plagi hiyo mpaka ikae sawasawa. Pini ni 9 katika nafasi 10, na tundu lisilo na pini limezibwa kwenye plagi ili isiingie kinyume. Ikigoma usiilazimishe. Pini za USB 2.0 nazo ni 9 na ziko jirani, ila pengo lake liko mahali pengine. Nimeshaona waya wa sauti umekandamizwa kwenye pini za USB mpaka mbili zikalala. Kesi za zamani zina plagi mbili kwenye waya mmoja, AC97 na HD AUDIO. Tumia hiyo ya pili.

Plagi ikiwa imekaa vizuri, tazama waya wenyewe unapita wapi. Wengi huupitisha chini ya kadi ya grafiki kwa sababu ndiyo njia fupi, au huufunga pamoja na nyaya nene za pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi) ili kazi ipendeze. Waya wa sauti wa kesi nyingi hauna kinga nzuri, kwa hiyo unaokota kelele za umeme zilizo jirani. Utasikia mlio kama wa mbu unaopanda na kushuka kila unaposhusha ukurasa. Uhamishe, upite nyuma ya bamba la kesi na kutokea chini kabisa.

Jambo la tatu ni hedifoni zenyewe. Pini ya hedifoni za simu ina pete tatu nyeusi kwa sababu imebeba na maiki. Ya hedifoni za kawaida ina mbili. Baadhi ya matundu ya kompyuta hayakutengenezwa kwa pete tatu, na hapo sauti hutoka hafifu, kama mtu anaimba kisimani, na hukwaruza ukigusa waya. Ivute nje kama milimita moja tu. Ikisafika, umepata jibu: nunua waya wa kugawa maiki na sauti.

Na vumbi. Mji unajengwa kila upande, vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye kitu kilichotoka kwenye boksi wiki iliyopita. Pulizia tundu kwa bloa, kisha dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na uache likauke kabla ya kuwasha. Marashi na mafuta ya taa kaa navyo mbali.

Sauti inatoka upande mmoja, ukitikisa pini nyuma inapasuka

Jaribu kwanza pini hiyohiyo kwenye simu au redio. Ikikwaruza na huko, tupa waya, kazi imekwisha.

Ikiwa huko ni safi, mulika tochi matundu ya nyuma. Lile bamba la chuma linalozunguka matundu, ambalo kwenye mazabodi nyingi za bei nafuu unalichomeka mwenyewe kabla ya kufunga mazabodi, lina vijilimi vidogo vya chuma. Mwenye haraka akiteremsha mazabodi bila kuangalia, kijilimi kimoja huingia ndani ya tundu badala ya kukaa juu yake. Pini haifiki mwisho, au inagusa chuma, na mlio wake ni uleule wa kitu kibovu. Usijaribu kukitoa kwa bisibisi mashine ikiwa inawaka. Zima, chomoa, fungua skrubu za mazabodi, irudishe nyuma kidogo, kunja kijilimi, panga upya.

Ukiwa umeshaitoa, hesabu vinguzo vya shaba vilivyo chini yake. Kila kinguzo kiwe chini ya tundu la skrubu. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa mazabodi, na hapo mkwaruzo ni tatizo dogo kati ya makubwa yanayokuja.

Kuna wengine waliochomeka spika kwenye tundu la waridi, ambalo ni la maiki. Kijani ndiyo sauti ya kutoka. Kwenye mazabodi zenye matundu meusi matupu soma maandishi ya kitabu chake.

Mvumo mzito hauishi hata wimbo ukisimama

Hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha na ndipo penye hatari.

Mlio ni "mmmmm" wa chini, wakati mwingine umechanganyika na mikwaruzo inayofuata mausi. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na huo mvumo ni umeme huohuo umeingia kwenye njia ya sauti. Sababu ya kawaida katika nyumba za huku ni ethi, yaani ule waya wa tatu wa umeme unaokwenda ardhini. Ama haupo, ama hauna nguvu, ama upo kwa njia mbili zinazovutana.

Anza na ekstensheni. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina matundu matatu kwa juu lakini ndani zina nyaya mbili tu. Soma maandishi kwenye ganda la waya wake: ikiandikwa 3 x 1.5 kuna nyaya tatu. Ikiandikwa 2 x 0.75 hakuna ethi humo, hata plagi iwe na pini tatu. Kisha tazama plagi ya kompyuta. Nyaya nyingi za pawa saplai huja na plagi ya pini mbili za duara, na watu huisukumiza kwenye soketi ya matundu ya mstatili kwa kufungua kizibo cha juu kwa ncha ya kalamu. Mashine inawaka vizuri, lakini ethi yake haijagusa kitu. Tafuta waya wenye plagi ya pini tatu za mstatili yenye fyuzi ndani. Ndani ya dakika mbili nimeponya mvumo kwa waya huo tu, kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameshanunua sabufa ya pili.

Sasa lile la vidole kuwasha. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio viwili vinavyounganisha nyaya za umeme na chuma cha kesi, na vimewekwa vikitarajia ethi ipo. Ethi isipokuwepo, kesi inabaki ikielea kwenye karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unakuwasha badala ya kukutupa. Lakini maana yake ni kwamba siku waya wa moto utakapogusa chuma kwa bahati mbaya, hakuna njia ya kuupeleka ardhini isipokuwa mwili wako au wa mtoto anayepita miguu mitupu. Usizoee. Usiambiwe "ni kawaida ya kompyuta."

Kama ekstensheni na plagi ni sahihi na bado kesi inawasha, tatizo liko ukutani au nje, kwenye chuma cha ethi kilichozikwa. Udongo mkavu haupitishi umeme kama ulio na unyevu, na huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni ya kusikia kwa wengine. Ethi iliyokuwa nzuri wakati wa masika inaweza kudhoofika kufikia Septemba, hasa kama chuma kilizikwa kifupi. HAPA SIMAMA. Usifungue soketi, usifungue ubao wa sakiti breka, usimwage maji ya chumvi kwenye chuma kwa ushauri wa jirani. Ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje na kipimo cha ethi. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kwa heshima lakini usikubali kuahirishiwa. Ni usalama wa wapangaji wote.

Kuna upande wa pili: ethi ipo, tena nzuri, lakini mvumo unakuja ukiunganisha sabufa na kompyuta. Chomoa waya wa sauti kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu isiyo kwenye chaji. Sabufa ikivuma na hapo, ugonjwa ni wake yenyewe. Ikinyamaza, ethi ya kompyuta na ya chombo kingine zinapishana kupitia waya wa sauti. Weka kompyuta, skrini na sabufa kwenye ekstensheni moja nzuri. Kisha chomoa waya wa HDMI unaokwenda kwenye runinga, hasa kama runinga hiyo imeungwa na dishi, maana waya wa dishi nao huleta ethi yake kutoka juu ya bati. Mvumo ukinyamaza, umempata mkosaji. Dawa ni kile kikopo kidogo chenye transfoma mbili ndani kinachowekwa katikati ya waya wa sauti kukata mzunguko wa ethi, au, kama mazabodi na spika vinayo, tundu la sauti ya mwanga, kwa kuwa mwanga haubebi umeme. Kadi ndogo ya sauti ya USB husaidia kelele za ndani ya mazabodi, ila mzunguko wa ethi haiukati kila mara, kwa hiyo usiinunue kabla ya kujua una lipi.

Watu hukata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli. Na kinga ya uhai wako inaisha pamoja nao. Tafadhali, usifanye hivyo kwa mashine yako wala ya mteja.

Waliounganisha kompyuta kwenye inveta ya sola wajaribu pia umeme wa kawaida. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lenye ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na spika huvuma muda wote. UPS nyingi ndogo (vifaa vya betri vya kushikilia umeme ukikatika) hufanya vilevile zikiwa kwenye betri.

Na kama mlio ni mwembamba wa "ziiii" na ukivua hedifoni bado unausikia, basi mara nyingi unatoka kwenye kadi ya grafiki yenyewe, koili zake zikitetemeka. Hauna madhara. Punguza idadi ya picha kwa sekunde kwenye gemu na utashuka.

Sauti inapasuka kila baada ya muda, mausi nayo inakwama

Mkwaruzo wa aina hii hauhusiani na waya. Kompyuta inatakiwa kupeleka sauti kwenye spika kwa vipande vidogo bila kuchelewa, kipande kimoja kikichelewa kwa sababu draiva nyingine imeng'ang'ania prosesa (ubongo wa kompyuta), pengo hilo ndilo unalosikia kama "tak!"

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu hili huishia kwenye draiva. Windows ikiingia huweka draiva ya sauti ya jumla, na mtu akiona sauti inatoka anaridhika. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, tafuta jina kamili lililoandikwa juu ya mazabodi yenyewe, pakua draiva ya chipseti (chipu zinazoratibu mazabodi) kwanza, kisha ya sauti, kisha ya Wi-Fi. Tumia tovuti hiyo tu. Zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja zimeniletea mashine nyingi zenye virusi.

Kisha fungua mipangilio ya sauti, chagua spika zako, weka 24 bit, 48000 Hz, na uzime palipoandikwa "Audio enhancements". Usiweke 192000 kwa kudhani namba kubwa ndiyo sauti nzuri. Unaiongezea mashine kazi tu. Kwenye mipangilio ya umeme weka "High performance" kwa muda wa majaribio. Prosesa inayolala na kuamka kila mara kuokoa umeme inaweza kuchelewesha sauti.

Bado? Pakua LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji wa draiva, ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Iache ikimbie dakika 10 huku wimbo unapiga, kisha soma jina la draiva lililo juu kwa ucheleweshaji. Ukiona ndis.sys, tazama Wi-Fi au kadi ya mtandao: izime kwa muda, usikilize. Ukiona nvlddmkm.sys, ni draiva ya kadi ya NVIDIA: iondoe kabisa, weka upya, au rudi toleo la nyuma. Storport.sys inakupeleka kwenye diski. Majina kama Wdf01000.sys na ACPI.sys hayamtaji mkosaji moja kwa moja. Hapo unazima kifaa kimoja kimoja mpaka upate.

Wenye prosesa za AMD Ryzen wana mambo mawili ya kukumbuka. Mwaka 2021 AMD ilikiri kwamba vifaa vya USB kwenye mazabodi za kizazi cha 500 vilikuwa vinakatika, ikatoa marekebisho kwenye AGESA (sehemu ya BIOS inayotengenezwa na AMD yenyewe) toleo la 1.2.0.2. Mwaka 2022 ikakiri tena kuwa fTPM, ile kinga ya usalama inayotakiwa na Windows 11, ilisababisha mashine kukwama kwa muda mfupi, sauti ikipasuka pamoja nayo. Dawa ilikuja na AGESA 1.2.0.7. Mazabodi za kizazi hicho bado zinauzwa, na nyingine zimekaa dukani na BIOS ya zamani. Angalia namba ya BIOS yako kabla ya kulaumu kingine.

ONYO la BIOS: usiisasishe kwenye umeme wa ukutani mtupu. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, mazabodi inaweza isiwake tena. Tumia UPS yenye betri nzima. Kama umewasha BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kwanza, vinginevyo utafungiwa nje ya faili zako. Ukiwa na mashaka hata kidogo, lete kwa fundi; ni kazi ya muda mfupi.

Sababu inayofuata hupuuzwa na walio wapya: RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ukiwasha XMP au EXPO kwenye BIOS, RAM inakimbia kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo si kila prosesa na mazabodi huimudu. Kabla mashine haijaanza kuzima ghafla, dalili ya kwanza inaweza kuwa sauti inayopasuka na USB zinazokatika. Izime XMP, sikiliza siku nzima. Ikipona, weka kasi ya chini kwa ngazi moja. Hakikisha pia RAM mbili zimekaa nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa, ndivyo mazabodi nyingi zenye nafasi nne zinavyotaka. Kisha pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, mzunguko mzima usiku. Ikionyesha kosa hata moja, RAM hiyo irudishwe dukani.

Njia yangu ya kumaliza ubishi ni fleshi ya Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Iweke kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi, washa mashine kutoka humo, chagua kujaribu bila kusakinisha, piga wimbo nusu saa. Ikiwa safi huko, vipande vyako ni vizima na ugonjwa uko Windows. Ikikwaruza na huko, angalia BIOS, RAM na nyaya. Kijana mmoja wa chuo alikuja na mashine yake akiwa ameshaandaa boksi la kurudisha mazabodi Dar. Fleshi ikatoa sauti safi kama maji. Tulikuta draiva ya Wi-Fi ndiyo iliyokuwa inamtesa, akaliacha boksi lake palepale mezani kwangu.

Inapasuka kwenye sauti kubwa tu

Shusha sauti ya kompyuta hadi 80, panda kwa kitufe cha sabufa. Zima vyote vya kuongeza besi. Kama inakwaruza unapozungusha kitufe cha sabufa peke yake, vumbi limeingia kwenye kitufe hicho. Dawa ya viungo vya umeme na kukizungusha mara kadhaa hutosha. Ukiona utando wa spika umechanika, hakuna mipangilio itakayousaidia.

Bluetooth inakatika na kukwaruza

Angalia nyuma ya mashine. Zile antena mbili bado ziko kwenye boksi la mazabodi? Hutumika na Wi-Fi na Bluetooth pia, na wengi huziacha kwa kuwa wana waya wa intaneti. Zifunge. Kifaa cha Bluetooth cha USB kisikae ubavuni mwa diski ya USB 3.0, kwa kuwa USB 3.0 hutoa kelele katika masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Na ukiwasha maiki ya hedifoni za Bluetooth, sauti hushuka ubora mara moja. Hapo hakuna kilichoharibika.

Spika za skrini, kupitia HDMI

Sauti hii haipiti kwenye sehemu ya sauti ya mazabodi, inatoka kwenye kadi ya grafiki. Badilisha waya, kisha draiva ya kadi. Kama mashine ilisafirishwa kutoka Dar ikiwa imeshaunganishwa, fungua ubavu uone kama kadi haijainuka upande mmoja kwenye nafasi yake.

Unaporekodi kwaya

Walimu wa kwaya wanakuja na hili: kusikiliza ni safi, kurekodi kunapasuka. Tazama ukubwa wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho mashine hukikusanya kabla ya kukipitisha, kwenye programu ya kurekodia. Sampuli 128 kwa 48000 Hz ni chini ya milisekunde 3, muda mfupi mno kwa mashine yenye njia 20 za sauti zimefunguliwa na vikorombwezo juu yake. Wakati wa kurekodi mwimbaji weka 256, au 128 kama mashine haina mzigo huo. Wakati wa kuchanganya weka 1024, hakuna anayehitaji haraka hapo. Kifaa cha kurekodia kiende moja kwa moja kwenye USB ya nyuma, pasipo kigawanyi katikati. Na kiwango cha Hz kilingane kote, kwenye kifaa, programu na Windows. 44100 ikikutana na 48000 inaweza kutoa mikwaruzo isiyoisha.

Simu zote ziwekwe mbali na spika na nyaya za maiki. Ule mlio wa "ti-titi-ti" unaotangulia simu kuita unaingia kwenye rekodi na hautoki.

Ukifika hapa na bado

Kuna mahali ambapo nakuomba usijaribu mwenyewe. Pawa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Vihifadhi chaji vyake hubaki na umeme wa kuua. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kitu kimevimba kwenye mazabodi, au mkwaruzo ukiambatana na mashine kujizima, chomoa ukutani na usiwashe tena kujaribu.

Mambo yote ya juu yakiwa yamepita, nyuma na mbele kunakwaruza, Ubuntu inakwaruza, ethi imepimwa na RAM imepona, hapo ndipo sehemu ya sauti ya mazabodi yenyewe ina kesi ya kujibu, na waranti ndiyo kazi yake. Rekodi mlio kwa simu, tundu likionekana. Andika jina la mazabodi, namba ya BIOS, na ulichojaribu kwa tarehe zake. Muuzaji akiona karatasi hiyo atabadilisha bila mabishano marefu. Unapoifunga kusafiri, iwe kwa basi au kwa treni ya SGR, rudisha kifuniko cha plastiki juu ya soketi ya prosesa kama ilikuja nacho, iweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na kama unatuma mashine nzima, toa kadi ya grafiki isafiri kwenye boksi lake.